Kobe Aliyegoma Mlimani

Nyumba ya kona,
Nyuma ya tanuri la matofali.
Jumapili, tarehe tisa.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi yangu na watoto. Natumaini kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia na sasa unalala bila kukohoa. Mama ananiambia uliacha ile dawa kwa sababu ni chungu. Mtu mzima na ndevu zako. Wifi akishindwa na wewe aniambie, nitakuja kukushika pua.

Sisi huku hatujambo. Mama yu mzima, anafagia hadi pasipofagilika. Baba miguu yake ni ileile, anajikongoja na fimbo mpaka bandani, anakaa, anarudi. Anakula vizuri. Shemeji yako, mume wangu, tumbo linazidi kumtangulia, naye analaumu usukani wa lori. Mimi bado niko kwenye karakana ya samani napiga rangi makabati na vitanda vya watu, na kucha zangu zina kumbukumbu ya kila nyumba ya mtaa huu.

Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu. Kwenye simu wewe humkata mtu maneno kabla hajafika katikati, na habari hii nataka uisome mpaka mwisho ukiwa umekaa. Ni habari ya Kobe, lori letu, na ni habari ya Baba pia. Inahusu yule mnunuzi uliyemtafuta, anayetakiwa kuja mwisho wa mwezi.

Unakumbuka jinsi Kobe alivyoanza kugoma. Asubuhi anawaka kwa mkupuo mmoja, anachukua mchanga mtoni, anakwenda vizuri kabisa. Akifika kwenye mlima wa tanuri, mzigo mgongoni na jua kichwani, anaanza kukohoa, anaishiwa nguvu, anazima. Shemeji yako anashuka, anatukana kimoyomoyo, anakaa kivulini. Akimaliza kunywa maji na kusikiliza habari redioni, anapiga funguo na Kobe anawaka kama vile hajafanya kosa lolote. Hapo ndipo mimi nilipoanza kuwashwa. Kitu kilichoharibika kinabaki kimeharibika, lakini hiki kilikuwa kinaharibika na kupona chenyewe, na nilitaka kujua kinapona kwa dawa gani.

Fundi tuliyemwita ni yule tunayemwita Fundi Ndiyohiyo, maana kila ukimwonyesha kitu anajibu ndiyo hiyo. Alibadilisha chujio. Ndiyo hiyo, akasema, na Kobe akazima palepale mlimani. Alikagua tundu la kupumulia la tenki lisije likawa limeziba. Halikuwa limeziba. Mwisho akafungua mfuniko wa injini, akanusa, akatikisa kichwa, akasema gari linalonyweshwa oili chafu halina maisha, pampu imekufa, tumuuze angali anatembea.

Maneno hayo yaliniuma kwa ajili ya Baba. Wewe uliondoka zamani na huenda hujui sasa hivi kazi yake ni nini hasa. Tangu miguu ilipomkatalia kuendesha, kilichobaki mkononi mwake ni mafuta. Anapokea oili chafu kutoka gereji zote za barabara kubwa, ile inayomwagwa magari yakibadilishwa oili. Anaitia kwenye mapipa na kuiacha itulie mpaka uchafu na maji vikae chini. Hakuna anayeruhusiwa kuligusa pipa linalotulia, hata paka anafukuzwa. Kisha anateka ya juu tu, anaichuja kwa vitambaa vitatu, na jioni anaichanganya na petroli kidogo kwenye pipa dogo ili iwe nyepesi na pampu iweze kuivuta. Kobe amekunywa mafuta hayo miaka na miaka. Ukimwambia Baba kwamba mafuta yake ni takataka, unamwambia kwamba yeye mwenyewe hana kazi tena hapa duniani.

Shemeji yako alifanya jaribio moja la maana. Alichomoa mpira wa mafuta kwenye tenki, akauchovya kwenye dumu la dizeli safi ya kituoni, akapanda mlima na mzigo kamili. Kobe alipanda bila hata kuguna. Kwa hiyo pampu ilikuwa haijafa, na hilo lilikuwa jambo jema. Jambo baya ni kwamba kosa lilikuwa ndani ya mafuta, na mafuta ni ya Baba. Tulipomweleza, hakubisha. Kaka, wewe unamjua Baba, alibishana na daktari kuhusu mfupa wake mwenyewe uliovunjika. Safari hii aliinamisha kichwa akasema kama ni mafuta basi muuzeni. Ule utulivu wake ulinitisha kuliko lori lenyewe.

Najua ulikuwa unajua sababu ya utulivu huo, maana Mama alikuwa amekwisha kukupigia. Baba alikuwa ameanza kuuliza. Kila asubuhi anafika bandani, anasimama mbele ya pipa dogo na kuuliza, hivi petroli nilitia? Anachovya kijiti, ananusa, anasema basi, imo. Kesho yake anauliza tena. Mama akikutana na macho yangu anayakwepa. Hatukulitaja jambo lenyewe, lakini sote tulimfikiria Bibi, mama yake Baba, jinsi alivyoanza kwa kuuliza chumvi ameweka au hajaweka, na alivyoishia kutuuliza kwa upole kabisa nyumba hii ni ya nani na ataruhusiwa kulala mpaka lini.

Ulipopendekeza lori liuzwe na Baba apumzishwe, nilikubali. Sikukubali kwa moyo mweupe.

Hata hivyo swali halikuniacha. Nilitaka kujua mafuta yana nini. Shemeji yako aliniwekea kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kati ya tenki na pampu, akaniambia kaa hapo uangalie kama una hamu sana. Nikapanda naye hadi mlimani nimejikunja pembeni ya injini, nguo yangu ya kazi imelowa jasho. Tukiwa bado chini, mafuta yalipita kwenye ule mpira meusi na yametulia. Tulipoanza kupanda na joto likazidi, viputo vikaanza kuonekana, kwanza vidogo, kisha vikubwa, kisha mpira ukawa na povu zaidi ya mafuta. Hapo Kobe akazima.

Sote tulisema ni hewa inaingia. Tukakaza kila kiungo, tukapaka grisi, tukafunga mipira upya. Viputo vikarudi vilevile, na vilirudi kukiwa na joto tu. Nikajiuliza, tundu gani hilo linalofunguka jua likiwaka na kujifunga likipoa? Nilikuwa jikoni nasubiri maji ya chai yachemke, nayatazama tu sufuriani, nikaona viputo vinapanda kutoka chini. Hakuna aliyetoboa sufuria. Yalikuwa maji yenyewe yanachemka. Nikazima jiko bila kutengeneza chai, nikamwita shemeji yako.

Oili haichemki kwa joto lile, Kaka, hata ukiikaanga siku nzima. Petroli ndiyo inayochemka upesi. Ikiwa kidogo inajificha ndani ya oili na hakuna anayeiona. Ikizidi, joto la injini linaigeuza mvuke ndani ya mipira, na pampu inavuta mvuke badala ya mafuta. Ukikaa kivulini inapoa, mvuke unarudi kuwa mafuta, gari linawaka. Dawa ya Kobe ilikuwa kivuli tu.

Sasa mimi kazi yangu ni rangi. Kuzidisha tina ya kuyeyushia rangi ni kosa ninalolijua kama jina langu, maana rangi iliyozidishwa tina inatiririka kwenye mlango wa kabati na mteja analia. Tuna kopo karakanani lenye tundu la msumari chini. Unajaza rangi, unaiacha ichuruzike, na kwa jinsi inavyokwenda haraka au polepole unajua kama iko sawa. Nikalibeba kopo hilo nyumbani. Baba huwa anaweka chupa moja ndogo kwa kila mchanganyiko, aitazame kama kuna maji yanajitenga. Nikajaza kopo kwa mafuta ya ile chupa, nikakaa na kikombe changu. Nilimaliza chai yote ndipo yakaisha. Nikaosha kopo, nikachota mafuta ya siku hiyohiyo kutoka kwenye tenki la Kobe. Yaliisha nikiwa bado naipuliza chai.

Nilirudia mara kadhaa kwa sababu sikuyaamini macho yangu. Mafuta ya Baba yalikuwa sawa. Alikuwa hasahau wala hazidishi. Kati ya mkono wake jioni na tenki la lori asubuhi, kuna mtu alikuwa anaongeza petroli.

Nilifikiria mwizi, anayeiba oili na kujazia petroli, lakini ni mwizi gani anayeiba cha bure na kuacha cha bei? Nikafikiria mtu anayetuonea wivu. Nilimfikiria hata Fundi Ndiyohiyo, Mungu anisamehe, maana yeye alikuwa anapata kazi kila Kobe akizima. Mwishowe niliamua kuacha kufikiri na kwenda kutazama. Alfajiri kulipopambazuka niliingia bandani nikajibanza nyuma ya mapipa makubwa, nimekaa juu ya ndoo.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama. Alikuwa amepandisha gauni na kulifunga kiunoni, ananyata kama mwizi wa kuku, ana kopo la petroli mkononi na kitambaa puani. Juu ya pipa dogo palikuwa na jagi la Baba la kutilia petroli, limewekwa kichwa chini; akalisogeza kando, akafunua, akamimina, akafunika, akafuta mfuniko kwa upande wa kitambaa, maana Mama hata akiwa kwenye uhalifu lazima apanguse. Kisha akalitazama lile jagi, akanung'unika, akalichukua akaondoka nalo kwenda kuliosha.

Nilikuwa najiziba mdomo nisicheke. Sijatulia vizuri, mlango ukafunguliwa tena. Shemeji yako. Naye ana dumu lake. Naye akatazama nyuma, akafunua, akamimina. Mume wangu wa ndoa, Kaka, ninayelala naye chumba kimoja, na sikuwa na habari.

Nikatoka. Alishtuka nusura aangushe dumu ndani ya pipa. Mama aliposikia kishindo alirudi mbio na jagi lina povu la sabuni. Wakatazamana, kila mmoja akiangalia alichoshika mwenzake. Nikawauliza nani amewatuma. Wakajibu kwa pamoja, na jibu lilikuwa moja.

Ni wewe.

Usiiweke barua chini, endelea kusoma. Ulimpigia Mama ukamwambia Baba anasahau petroli, awe anaongeza kimyakimya, na asimwambie mtu. Kisha ukaogopa kwamba huenda Mama hataweza, ukampigia shemeji yako ukamwambia hivyohivyo, na yeye asimwambie mtu. Mimi hukuniambia kwa sababu mdomo wangu unaujua. Wote wawili wakakutii kila asubuhi, kwa uaminifu mkubwa, wewe ukiwa mbali na wao wakiwa wanapishana mlangoni. Kobe alikuwa anakunywa petroli ya Baba, ya Mama na ya shemeji yako. Kama ungenikumbuka na mimi, nadhani angelipuka.

Tulicheka, nakwambia kweli. Shemeji yako alikaa chini kabisa. Tukiwa bado tunacheka tukasikia fimbo, na Baba alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani. Hakutazama dumu wala kopo. Alikuwa anatazama jagi mkononi mwa Mama.

"Hilo jagi huwa unaliondoa wewe?"

"Linanuka, mume wangu," Mama akasema. "Tangu miguu yako ikuzuie kuinama, nimekuwa nakufagilia humu. Nalikuta limeachwa ovyo juu ya pipa, nalisafisha, nalitundika mahali pake."

Baba akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya ile ndoo yangu. Akatueleza taratibu, kama mtu anayeogopa kukosea. Kila jioni akishatia petroli, analigeuza jagi kichwa chini juu ya mfuniko. Amefanya hivyo tangu aanze kazi ya mafuta. Jagi likiwa limegeuzwa, petroli imo. Likiwa limetundikwa, bado. Hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Sasa kila asubuhi alikuwa anafika na kukuta jagi limetundikwa ukutani, safi, limekauka. Alikumbuka kabisa kwamba alikuwa ameligeuza. Aliuona mkono wake ukiligeuza. Lakini jagi liko ukutani. Ndiyo maana alikuwa anauliza.

Anasema alikuwa ananusa kijiti na kukuta petroli imo, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Maana kama petroli aliitia na jagi hakuligeuza, basi alikuwa anakumbuka mambo ambayo hayakutokea. Alikuwa hapati usingizi. Mama anasema ni kweli, alikuwa anamsikia usiku anataja majina yetu kwa mpangilio, kuanzia lako, akifika mwisho anaanza tena, naye Mama anajifanya amelala. Ndiyo sababu alikubali lori liuzwe. Hakukubali kwamba mafuta yake ni mabaya, Kaka. Alikubali kwamba zamu yake imefika.

Basi akanitazama mimi, si Mama wala shemeji yako, na akaniuliza swali ambalo naona haya hata kuliandika, kwa jinsi alivyouliza kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo mimi sijaanza kuwa kama mama yangu?"

Nikamwambia ya kesho siyajui, lakini haya ya petroli na ya jagi yalikuwa sisi. Yote yalikuwa sisi. Akajifunika uso kwa kofia yake. Baba yetu, Kaka, ambaye hatujawahi kumwona akitoa chozi hata siku ya kumzika Bibi, alilia bandani mbele ya mkwe wake, na Mama akabaki amelishika jagi hajui aliweke wapi.

Baadaye tulifanya kazi. Tulilitoa lile pipa lililoharibika, Baba akaongeza oili iliyochujwa, mimi nikapima kwa kopo langu mpaka mafuta yakawa yanakwenda kama yale ya chupa yake. Alivutiwa sana na hilo kopo. Aliuliza maswali mpaka nikachoka, ukubwa wa tundu, kwa nini msumari na si sindano, siku ya baridi tufanyeje. Amelichukua, na mimi karakanani nimetoboa jingine. Siku ya pili Kobe alipanda mlima wa tanuri saa ya jua kali na mzigo wa mchanga mbichi, hakukohoa. Fundi Ndiyohiyo alipoelezwa alikuna kichwa na kusema ndiyo hiyo, na ndiyo mara ya kwanza alikuwa amepatia. Mama amekatazwa kugusa jagi, anapita karibu nalo huku amefunga mikono nyuma.

Jambo jingine nililolistaajabia ni kwamba sasa Baba mwenyewe anataka kwenda hospitali kupimwa kichwa. Tulikuwa tunajiuliza tutamshawishi vipi, na kumbe aliyekuwa hataki ni yule Baba wa juzi aliyekuwa anaogopa jibu. Nitampeleka wiki ijayo. Wakikuta kitu, tutakijua pamoja naye, si nyuma ya mgongo wake.

Kaka, sikulaumu. Ningekuwa mbali, nikasikia niliyosikia, labda ningefanya hivyohivyo. Mtu wa mbali anapenda kwa simu, hana njia nyingine. Lakini naomba mawili. Mrudishie yule mnunuzi neno kwamba lori haliuzwi. Na hilo usimpitishie Mama wala shemeji yako wala mimi. Mpigie Baba mwenyewe. Ikikuwia vigumu, anza na habari ya viputo, hachoki kuieleza, na mengine yatajitokeza.

Nisalimie wifi yangu sana, mwambie kile kitambaa alichonitumia nimekishona. Wape wanangu pambaja, hasa yule mdogo anayefungua kila saa ya mkononi anayoikuta aone ndani, mwambie shangazi yake anamwelewa. Mama anakusalimu na anasema meza dawa. Shemeji yako anakusalimu kwa aibu kidogo. Mungu akulinde, akupe pumzi ya kutosha na kazi isiyokuvunja mgongo.

Baba naye anakusalimu. Ameketi hapa kando yangu, ameniagiza nikuandikie maneno yake kama yalivyo, nisipunguze wala nisiongeze: "Mwambie mwanangu wa kwanza, akitaka kutia kitu kwenye mafuta yangu, aje atie nikimwona."

Ni mimi dada yako mwenye mdomo,
nikupendaye ukiwa karibu na ukiwa mbali.